Mtakatifu Aliyekwama Mlangoni

Dirisha letu liligawanywa kama nyama ya sikukuu, na mimi nikapewa kuzaliwa.

Nieleze vizuri, maana nikianza hivyo watu hudhani natania. Kanisa kuu letu lilikuwa na dirisha moja kubwa la vioo vya rangi, juu ya mahali pa kubatizia, lililoletwa na wamisionari zamani za bibi zetu. Lilisimulia maisha ya mtakatifu msimamizi wa parokia. Chini kabisa amezaliwa, mama yake anamwogesha kwenye beseni. Juu yake yumo kwenye mtumbwi. Halafu anachunga kondoo, halafu anavua joho lake anampa maskini, hivyo hivyo mpaka kileleni, anakokufa na kupokewa na malaika wenye nyuso za kuchoka. Tulipokuwa watoto, mahubiri yakirefuka, tulikuwa tunapanda naye kipande kwa kipande mpaka mbinguni, kisha tunashuka naye tena, na padre bado anaongea.

Miaka ile ya soko huria dirisha likachoka. Vioo vile vinashikiliwa na risasi, madini laini kama yale wavuvi wanayofunga kwenye nyavu ili zizame, na risasi ikizeeka hulegea. Dirisha likatoa kitambi. Mvua ya mawe ikatoboa joho la mtakatifu. Vumbi la barabara likamfanya mama yake aonekane kama ametoka kuuza mkaa. Kwa muda mrefu tuliambiwa kuna fundi atakuja kutoka Ulaya, tuliombee jambo hilo. Tuliliombea. Nadhani fundi alizeekea huko huko.

Jumapili moja paroko akasimama mbele akasema, "Ndugu wapendwa, kungoja wafadhili basi. Hata serikali imeacha kugawa sukari. Dirisha tutalikarabati wenyewe, kila jumuiya na kipande chake."

Hakuna aliyeshtuka. Kwetu kila kitu hugawanywa kwa jumuiya. Kufagia kanisa, jumuiya. Maua, jumuiya. Askofu akija, jumuiya hii inaleta kuku, ile inaleta mchele, ile soda. Jumuiya ni nyumba chache za majirani Wakatoliki wanaosali pamoja siku moja ya juma na kuchunguzana siku zote zilizobaki. Basi wanaume wakafunga jukwaa la miti, wakalishusha dirisha fremu moja moja, na maisha ya mtakatifu yakatawanyika pale uwanjani kwa mikokoteni na kwa vichwa vya watu, na kipande kimoja kiliondoka kwa baiskeli. Kondoo wakaenda Buhongwa. Mtumbwi ukapewa kigango cha Kigongo, kule kivukoni, kwa sababu eti wao ni watu wa maji. Kifo walikichukua wafanyabiashara wa mjini, ambao hawajawahi kukubali kupewa kitu kidogo. Sisi wa Mabatini tukapata kuzaliwa, na mama mwenyekiti wetu akaamua kuzaliwa kukae kwangu.

Mama mwenyekiti alikuwa na duka la vitenge na sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa amenishika pabaya. Nilitaka mtoto wangu abatizwe, na mtoto habatizwi hadi jumuiya iwatambue wazazi wake: mwenyekiti asimame mbele ya paroko aseme hawa ni wetu, wanasali nasi, wanazika nasi. Mimi kwenye jumuiya nilikuwa sionekani.

Sababu ya kutoonekana nitaisema mara moja tu. Mwanangu wa kwanza alikufa kwa degedege kabla hajajua kukaa, mimi nikiwa zamu kiwandani. Hakuwa amebatizwa, kwa kuwa mimi na mwenzangu tulikuwa bado hatujafunga ndoa kanisani na jumuiya ilisema tungoje. Siku ya kuzika katekista alifika, akasimama mbali karibu na migomba, akasema anatuhurumia lakini sala hawezi kuongoza. Tukamzika mtoto kimya, watu wanakohoa tu. Baadaye tulifunga ndoa, asubuhi ya siku ya kazi, haraka haraka kama watu wanaokata tiketi. Nilipopata wa pili, binti, niliapa kwamba huyu hazikwi kwa kukohoa, hata kama itabidi nimng'ate mtu.

Nikaenda dukani kwa mama mwenyekiti, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia unataka ubatizo."

"Ndiyo, mama."

"Unautaka kama unavyotaka nusu kilo ya sukari. Jumuiya hatukuoni."

"Nina mtoto mchanga, mama."

"Nani hana? Bikira Maria alikuwa na mtoto mchanga akaenda naye mpaka Misri."

Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa na punda. Nikamweka sawa mtoto mgongoni.

"Basi sikiliza," akasema huku anakunja kitenge. "Kipande kinahitaji mtu wa kukaa nacho. Wewe hufanyi kazi, uko nyumbani tu. Kitunze. Siku kitakaporudi kanisani kizima, siku hiyo hiyo nitasimama niseme tunakutambua."

Hufanyi kazi! Nilimaliza kidato cha nne kwa masista, nikaajiriwa kiwanda cha nguo, kiwanda kikatupunguza mimi na mume wangu siku moja, na toka hapo nilikuwa nabeba maji, nafua, nakaanga maandazi mlangoni na mtoto mgongoni, mume wangu anatembeza mitumba mpaka soli zinaisha. Lakini ndiyo, nilikuwa nyumbani. Nikasema asante, mama.

Kipande chenyewe kilikuwa na upana wa kitanda na fremu ya chuma. Kuingia chumbani kwetu kiliingia kwa kulazwa upande, wanaume wanapiga kelele "kona! kona!" kama wanaingiza kabati la bibi harusi. Chumba chetu kilikuwa kimoja, na binti yangu ndiyo kwanza ameanza kutambaa, anashika kila kinachong'aa. Tukaona mahali salama ni kitandani. Tukatoa godoro, mtakatifu akalala kitandani na sisi watatu tukalala chini. Mume wangu, mtu mpole mpaka anaudhi, kila akirudi alikuwa anakitazama kitanda, anasema, "Tumsifu Yesu Kristo," kisha ananigeukia mimi, "Habari za kutwa?"

"Mbona unaanza naye?"

"Si ndiye mwenye kitanda."

Fundi tuliyepata alikuwa Mwislamu wa hapo hapo mjini, mtengeneza fremu za picha za harusi na vioo vya magari. Alikuwa na maringo ya mtu aliyewahi kuonana na waziri. Alikizunguka kitanda, akapiga kioo kwa kucha, akatikisa kichwa.

"Hawa Wazungu walikuwa na haraka," akasema. "Kazi ya kulipua."

"Imekaa tangu enzi za Mjerumani," nikamwambia.

"Ndiyo nakuambia. Ingekuwa yangu ingekaa zaidi."

Akaomba sufuria. Nikampa, sikujua. Akatia risasi za nyavu alizonunua kwa wavuvi, akaziyeyusha kwenye jiko langu, ndani, mtoto amekaa pale. Nilimtoa nje na sufuria yake na moshi wake kwa maneno ambayo masista hawakunifundisha. Akaenda kupikia uani, analalamika kwamba fundi haheshimiwi siku hizi. Ile sufuria sikuipikia tena.

Sitaki kusema hakujua kazi. Alijua nusu. Alinionyesha kuhamishia alama za kila kioo kwenye karatasi la kufungia sukari kabla ya kukitoa, kuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, kusugua pembeni kwa mswaki. Niliosha mimi. Siku mama wa mtakatifu alipotoka kwenye masizi, mashavu yake yakawa na rangi ya papai bivu, nikakaa nikamtazama mpaka maandazi yakaungua. Lakini palipokosekana kioo, fundi hakusumbuka kutafuta. Kipande chekundu cha sketi ya mama kilikuwa kimevunjika, akaweka plastiki ya taa ya nyuma ya pikapu. Usiku tukiwasha kibatari, mama wa mtakatifu alionekana anataka kukata kona.

Halafu habari za majirani zikaanza kufika.

Ya kwanza ilikuwa ya Buhongwa. Wale ni wafugaji, na walipomwosha kondoo mmoja wa mtakatifu wakagundua hawamwelewi. Mzee wao mmoja alisema huyu ni mbwa. Mwingine akasema kama ni kondoo basi ni mgonjwa, na ni aibu mtakatifu wa parokia aonekane na mifugo migonjwa. Wakamwita mchoraji wa mabango. Kondoo wakawa ng'ombe wenye nundu na pembe ndefu, wengi kuliko nafasi, mpaka mmoja amesimama juu ya kiatu cha mtakatifu.

Kigongo nao hawakutaka kuachwa. Walisema mtu mzima mwenye akili timamu havuki maji yale kwa mtumbwi wakati kivuko kipo. Mtakatifu akapakwa upya yuko kwenye kivuko, kwa mkono wa kulia anaubariki umma, nyuma yake lori la pamba na akina mama wenye matenga ya samaki. Watu walitoka mjini wakaenda kukiona. Walirudi wanasema lori limetoka vizuri sana.

Mama mwenyekiti alipopata habari hizo alikuja kwangu na uso umevimba.

"Wenzetu wana ng'ombe. Wenzetu wana kivuko, na lori ndani. Sisi tuna nini?"

"Tuna mtoto na beseni, mama. Ndivyo lilivyo."

"Beseni lenyewe la mti! Watasema Mabatini hatuna hata beseni la plastiki." Akainama juu ya kitanda, akakagua kama anayenunua nyama. "Na huyu mama amezaa peke yake? Mkunga yuko wapi? Bibi wa mtoto yuko wapi? Mwanamke hazai hivi kama kuku. Aliyechora hiki alikuwa mwanaume."

Hapo, nikubali, alikuwa na hoja. Lakini dawa yake ilikuwa fundi amchore bibi mkunga pembeni ya beseni, na kwa kuwa bibi wa mfano hakupatikana, yeye mwenyewe alijitolea kukaa achorwe. Alikaa kwenye kigoda changu asubuhi nzima, kilemba kipya kichwani, mikono imenyooshwa kama anayepokea mtoto, ananipigia kelele nisimpitie mbele. Fundi alipaka kwa rangi ya magari. Alipomaliza, kulikuwa na kiazi kikubwa kilichofungwa kilemba, kinamnyang'anya mama wa mtakatifu mtoto wake.

"Nimetoka," mama mwenyekiti akasema.

"Umetoka, mama," fundi akajibu. "Hata kidevu."

Beseni likapakwa maua mekundu na kijani kama yale yanayouzwa sokoni. Mimi nikaendelea na maandazi yangu. Wangependa wangemchorea hata mashine ya kusaga, ilimradi kipande kirudi kizima na huyu mwanamke asimame aseme maneno yake.

Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria ni mwenye nyumba. Soko huria lilituletea nguo, redio, baiskeli za kila rangi, na wezi wa vyote hivyo. Kila aliyekuwa na nyumba ya kupangisha alikuwa anaweka grili. Mzee mwenye nyumba wetu akaja na mafundi wake, wakachomelea fremu ya chuma ndani ya fremu ya mlango, na vyuma kwenye dirisha, akatuambia sasa tulale usingizi. Mlango ukawa mwembamba, mtu mnene aliingia kwa kugeuka. Nilikasirika kwa ajili ya ndoo za maji. Mtakatifu sikumkumbuka. Mume wangu naye hakumkumbuka, na alikuwa anamsalimu kila jioni.

Siku ya kurudisha vipande ilipangwa iwe ya shangwe. Kila jumuiya ingetoka kwao kwa maandamano. Yetu ilikodi pikapu, ikaifunga vitambaa vya njano na nyeupe na matawi, ikapakia kwaya nyuma, na kipaza sauti juu. Ilikuja ikasimama nje ya nyumba yetu saa za jua kali, kwaya inaimba. Mtoto alikuwa ameamka na homa. Nilimpa dawa ya malaria, nikamfunga mgongoni, nikajiambia kikishatoka tu kipande, nitaenda hospitali moja kwa moja, na huko kanisani watanitambua nikirudi.

Wakaingia wanawake wanne, wakakiinua kutoka kitandani. Mama mwenyekiti alisimama nje anaongoza. Mume wangu na fundi walikuwa nje kukipokea. Kikafika mlangoni, kikagoma. Wakakigeuza. Kikagoma. Wale wanawake wakatoka nje wavute, kwa kuwa kuvuta kuna nguvu kuliko kusukuma, wakaniachia ndani mimi peke yangu nisukume kwa bega. Wakakilaza upande kama siku ile ya kuingia, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakavuta. Kikaingia nusu. Kona ya juu ikang'ang'ania bawaba ya grili, kona ya chini ikazama kwenye saruji mpya ya kizingiti, na hapo mtakatifu akakwama, hatoki, harudi, ameziba mlango wote.

"Vuta!" mama mwenyekiti akasema.

"Usivute, risasi itakatika," fundi akasema.

"Si ulisema risasi yako haikatiki?"

"Haikatiki ikiachwa. Ngoja nikalete msumeno wa chuma, nikate grili."

"Grili ya watu hukati," mume wangu akasema. "Tumtafute kwanza mwenye nyumba."

"Yuko wapi?"

"Amekwenda Kigongo kuangalia kivuko."

Basi nikawa nimefungiwa ndani na vyuma dirishani na mtakatifu mlangoni. Kupitia kioo niliwaona wote wa rangi: mume wangu wa kijani, mama mwenyekiti wa buluu, fundi mwekundu wa taa ya nyuma. Kwaya kule kwenye pikapu hawakuona kitu, wakaanza wimbo wa pili. Ndipo nikasikia mgongoni mtoto anakaza.

Nilimshusha. Macho yalikuwa meupe, ngumi zimekunjwa, mwili mzima unaruka. Degedege niliijua. Hiyo ndiyo iliyokuja nikiwa zamu.

"Vunjeni!" nikapiga kelele. "Mtoto ana degedege, vunjeni nitoke!"

Sauti ya mama mwenyekiti ikajibu: "Mama, tulia. Fundi ameshakwenda kuleta msumeno."

"Vunjeni!"

"Kitu kimebarikiwa hicho! Mpe maji, mkande, fundi anakuja."

"Mke wangu," mume wangu akasema, na niliona kivuli chake cha kijani kinashika fremu, kinaachia, kinashika tena. "Subiri kidogo tu."

Kusubiri nilishasubiri. Nilisubiri na yule wa kwanza mpaka akafika kaburini. Masista walitufundisha, na nililijibu kwenye mtihani, kwamba mtoto akiwa hatarini kufa mtu yeyote anaweza kumbatiza, hata asiye Mkristo, alimradi amwage maji, aseme maneno, na akusudie kile kinachokusudiwa na Kanisa. Jumuiya haikutajwa kwenye jibu. Mwenyekiti hakutajwa. Nilishika kopo la maji ya kunywa, nikamwagia kichwani mara tatu, nikaliita jina lake, nikasema nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nilisema kwa sauti ya hasira, kama mtu anayegombana na konda. Nilikuwa sina sauti nyingine.

Halafu nikarudi nyuma hatua chache nikampiga mtakatifu teke.

La kwanza lilitoa ufa tu. La pili lilizama na kandambili yake, likapasua beseni la maua, mtoto na mikono ya mkunga. Risasi ya fundi ilikunjika kama waya wa kibanio. Nikang'oa vioo kwa kitenge, nikapanua tundu, nikamtoa mtoto kichwa kwanza, na upande wa pili mikono ya mume wangu ikampokea. Na pale nje mwanamke mmoja, sijui kwa kuzoea, sijui kwa kuchanganyikiwa, akapiga vigelegele. Wenzake wawili wakamwitikia kabla hawajajigundua.

Mimi nilitoka nyuma yake, nimechanika mguu, nimembomoa kiazi mpaka kidevu. Mama mwenyekiti alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Umeniua," akasema. "Umenipiga teke la uso."

Sikuwa na muda naye. Gari lililokuwepo lilikuwa lile la mtakatifu. Tuliruka ndani na mume wangu, nikamwambia dereva hospitali, akauliza na kwaya je, nikamwambia endesha. Tulipita mjini kwa kasi, vitambaa vinapepea, matawi yanadondoka, kwaya nyuma inashikilia mbao na kuimba kwa sauti za kutetemeka, kwa sababu hakuna aliyewaambia waache. Watu kando ya barabara walisimama wakapiga ishara ya msalaba. Getini pa hospitali mlinzi alitufungulia upesi akidhani ni askofu.

Mtoto alichomwa sindano, akawekewa dripu. Jioni alilia kwa njaa. Sijawahi kusikia kelele nzuri kama ile, na nilimwambia kabisa, lia.

Dirisha walilirudisha hivyo hivyo. Mtakatifu akiwa kivukoni ni mweupe, akichunga ng'ombe ni mweusi, akigawa joho ana ndevu, akifa hana, kwa sababu kila jumuiya ilimpaka kwa imani yake. Pale chini palipokuwa kuzaliwa waliweka vioo vya kawaida vya lova, vile vyembamba vya kupangwa kama ngazi. Ukiingia mgeni, utaona mtu anayeanza maisha akiwa tayari kwenye kivuko, nyuma yake lori.

Mtoto alipopona, Jumapili baada ya misa, paroko alituita, mimi na mume wangu na mtoto, mbele ya halmashauri ya walei. Mama mwenyekiti alikuwa amekaa mbele, na alianza yeye.

"Padre, masharti yalikuwa kipande kirudi kizima. Jumuiya haiwezi kumtambua mtu aliyempiga teke mtakatifu. Na zaidi ya hapo, amembatiza mtoto mwenyewe, chumbani, bila kutambuliwa na mtu. Kesho kila mmoja atabatiza jikoni kwake. Kila mtu na kanisa lake, kama vibanda vya sokoni."

Wajumbe wakanung'unika. Mmoja akapendekeza ubatizo ule usitishwe hadi uchunguzi ukamilike. Mwingine akauliza kama kopo lilikuwa safi.

Paroko alinitazama. "Mtoto alikuwa na hali gani?"

"Alikuwa anakufa."

"Ulimwaga maji?"

"Nilimwaga."

"Ulisema maneno gani?"

Nikayasema. Kwa hasira ile ile. Ilikuwa bado ipo.

"Ulikusudia nini?"

"Nilikusudia akifa, mumzike kwa sala. Nikusudie nini kingine?"

Hakuna aliyekohoa. Paroko alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Basi amebatizwa," akasema.

"Padre!" mama mwenyekiti akasimama. "Bila jumuiya?"

"Mama, ubatizo haufutwi. Sina uwezo huo mimi, askofu hana, na hata Baba Mtakatifu ukimwandikia atakujibu hana. Huyu ni Mkristo kama wewe. Unachoweza kufanya ni kusema ni wa jumuiya yako, au useme ni wa jumuiya ya watu wengine, wamchukue wao."

Hilo la mwisho ndilo lililomwingia. Aligeuka akawatazama wajumbe wa Buhongwa, waliokuwa tayari na ng'ombe, kisha wa Kigongo, waliokuwa na kivuko. Akavuta kitenge kifuani.

"Wa Mabatini," akasema. "Huyu ni wetu. Watu wasianze."

Tukasogea kwenye kisima cha ubatizo kumaliza ibada: mafuta, nguo nyeupe, mshumaa. Paroko alipofika kwenye maji aliyaruka, akasema wazi mbele ya wote kwamba maji ameshapata. Nililipenda sana lile tendo lake la kuyaruka. Binti yangu alishika mshumaa akajaribu kuula.

Tulipotoka, mama mwenyekiti alinisubiri kwenye ngazi. Nilijiandaa kwa maneno, nilikuwa nayo mengi.

"Jumatano sala ya jumuiya ni kwako," akasema bila kunitazama. "Mtoto akishabatizwa, jumuiya huenda kusali kwao. Tutakuja wote. Na chai iwe ya maziwa, si ile ya rangi uliyompa fundi."

Akashuka ngazi akaenda zake. Nilichemka njia nzima mpaka Mabatini, mume wangu anatembea hatua mbili nyuma kwa akili. Nani kamwambia nina maziwa? Nani kamwambia namtaka nyumbani kwangu, na ule mlango hata hapiti bila kugeuka? Niliendelea kugomba Jumatatu yote na Jumanne yote.

Jumatano nikanunua maziwa.